Mwaga Majani Tuone

Mvua ya mawe ilishika soko la Kericho mchana wa Alhamisi, watu wakiwa wamejaa tele. Kina mama wa mboga walivuta nailoni, wanunuzi wakakimbilia varanda za maduka, na Nelvine akajikuta amebanwa kati ya gunia la vitunguu na mgongo wa mwanamume mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi kama la bwana harusi. Kila mtu alikuwa akiyakimbia mawe. Huyu peke yake alikuwa akiyafuata nje, simu ameiinua juu ya kichwa, barafu ikimpiga masikioni.

"Huyu amerukwa na akili," mama wa vitunguu akasema.

"Network imeenda! Jameni, nani ako na bundles? Dada, wewe! Laini yako inashika?"

Nelvine alitazama simu yake yenye kioo kilichopasuka. "Inashika kidogo."

"Niwashie hotspot. Dakika moja tu, mrembo. Nakufa."

"Sasa ukifa hapa niseme jina lako nani?"

"Mbuthia. Washa!"

Akamwashia. Nelvine alikuwa msusi, na msusi husimama nyuma ya watu siku nzima akiwatazama bila wao kujua. Aliona kidole cha Mbuthia kikikimbia juu ya kioo, kisha kikasimama. Uso ukamtulia ghafla, kama sufuria iliyoepuliwa motoni. Halafu akageuka, meno yote nje.

"Umeniokoa, wallahi! Bitcoin ilikuwa inaanguka nayo pesa yangu. Nimeuza, nimetoka tu kwa mlango."

Alimshukuru mara tatu, bila kuitazama simu tena. Nelvine alidhani ni furaha.

Kesho yake Mbuthia alipanda ngazi za saluni, pale juu ya duka la nguo Temple Road, na tangu siku hiyo hakuacha. "Hotspot yangu ako?" angeuliza mlangoni, na wateja wote wangegeuza vichwa vilivyosukwa nusu. Alijifunza kusema "chamgei", salamu ya kwao Nelvine, kwa ulimi wa Kikuyu, ikatoka vibaya, na Nelvine akacheka mpaka akapoteza mstari wa kusuka. Babake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na katika chumba cha juu cha duka hilo Mbuthia aliwafundisha vijana biashara ya kripto kila Jumamosi. Siku moja Nelvine alienda akakaa benchi ya nyuma, amevaa rinda lake la manjano, akamsikia akiwasimulia wanafunzi jinsi msichana mmoja wa Boito, kijijini kwao Nelvine, alivyomwokoa na hotspot. Moyo ulimjaa.

Lakini mtu mwenyewe hakuwa akitulia. Akila, yuko wima. Kanisani, wakati wa maombi, jicho moja liko wazi na simu iko ndani ya Biblia. Ukimwambia jambo, anaitikia, kisha anaomba urudie.

"Wewe utakuwa mke wa pili," Jerusa alimwambia. Jerusa alisuka kwenye kiti cha pili humo saluni na mdomo wake haukuwa na pazia. "Mke wa kwanza anakaa mfukoni."

"Nyamaza, Jerusa."

"Nimenyamaza. Lakini anatetema, huyo mke. Hata sasa anatetema."

Julai ikaingia. Jioni moja Mbuthia alimpeleka hotelini wakale chapati na ndengu, akasema bila kuzunguka, "Agosti nataka kuleta wazazi wangu kwenu Boito. Unasemaje?"

Nelvine alitaka kusema ndiyo. Alilitaka neno hilo tangu Mei. Lakini lilimkwama, na yeye mwenyewe hakujua limekwamia wapi.

"Unaogopa nitakulisha nini?" Mbuthia akacheka, akampa simu. "Tazama wiki hii pekee. Kijani tupu."

Nelvine akatazama. Alikuwa ameishia darasa la nane, lakini amesoma simu za watu juu ya mabega yao miaka minne. Akateremsha kidole. Kijani, kijani, nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Akazidi kuteremsha mpaka Machi, tarehe kumi na nne. Siku hiyo hakuwa wa kuisahau. Mawe yaliyopiga soko ndiyo yaliyochapa chai yao Boito, na mamake alimpigia jioni akilia. Mstari wa siku hiyo ulikuwa mwekundu, na mbele yake sifuri. Biashara imefungwa saa nane na dakika hamsini na mbili. Saa hiyo mvua ilikuwa bado haijamkimbiza Nelvine varandani.

"Siku hii uliniambia nimekuokoa."

Mbuthia alinyoosha mkono. "Leta simu, beb. Hiyo ni ya zamani."

"Ya zamani ndiyo umenipa iwe jina langu."

"Ulitaka nilie mbele ya mama wa vitunguu?"

"Siku hiyo, hapana. Miezi minne, Mbuthia?"

"Nitairudisha. Nimebakisha kidogo. Hii Ijumaa soko ikipanda..."

"Kwani hiyo soko inakujua jina? Itaamka Ijumaa iseme, huyu ni Mbuthia, tulimchukulia zake tumrudishie?"

Hapo ndipo Mbuthia alipoteleza. "Wewe uliachia darasa la nane," alisema. "Utanifundisha soko?"

Nelvine aliweka simu mezani polepole, kando ya chapati ambayo hakuwa ameigusa, akachukua mkoba wake.

Simu zilianza kabla hajafika kwake. Kumi na moja siku ya kwanza, saba siku ya pili. Hakushika hata moja. Siku ya tatu aliomba ruhusa saluni, akaenda Boito kumsaidia mamake kuchuma. Chai ilikuwa imepona, imerudisha majani laini. Mchana walibeba vikapu mpaka kituo cha kuuzia, na hapo, akiwa kwenye foleni, simu ikalia tena. Akaishika.

"Uko wapi?" sauti ya Mbuthia ilikuwa imekauka.

"Nangoja kupimiwa chai."

"Nisamehe ile ya darasa la nane. Nilikuwa mjinga."

"Hiyo nimesikia. Na ile ingine?"

"Gani sasa?"

Mbele yake mama mmoja alikuwa akimwaga kikapu chake mezani. Karani alipitisha mikono ndani ya majani, akageuza yaliyokuwa chini yakaja juu, akatupa kando yale magumu, foleni nzima ikitazama. Mamake Nelvine, aliyekuwa anafuata, alishaanza kuchagua yake mwenyewe kabla hajafikiwa.

"Sikiza," Nelvine akasema. "Huku chai haipimwi ikiwa ndani ya kikapu. Unaimwaga mezani, kila mtu aone, na majani mabaya unatoa wewe kwa mkono wako. Wewe yako umeficha chini, juu umepanga laini. Mwaga nione."

"Nikimwaga utaniacha."

"Usipomwaga nishakuacha."

Akakata, akasogeza kikapu.

Baada ya hapo simu haikulia tena. Siku nne, siku sita, siku tisa. Nelvine alirudi Kericho, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akiingiza mkono kwenye aproni kila dakika mbili, akitoa simu, akiirudisha. Alimsuka mteja mmoja mistari minne akaifumua yote. Jerusa alimtazama, akaja akamsaidia kufumua.

Jumamosi ya pili ujumbe ukaingia. *Kuja darasani. Keti nyuma.*

Alienda na nguo za kazi, nywele za wateja zikiwa zimemshika kwenye sweta. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne. Mbuthia alisimama mbele, shati halijapigwa pasi, mkononi daftari la shule la kurasa themanini. Hakumtazama. Alifungua akasoma kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Machi kumi na nne. Hii ndiyo ile hadithi ya hotspot. Ni uongo. Pesa ilikuwa imeisha kabla yule dada hajawasha simu. Sikuweka stop loss, ile amri ya kuuza yenyewe bei ikishuka, kwa sababu niliamini nitakaa nikiangalia. Mtu wa Kericho, mchana wa mvua, anatundika mali yake kwa network!"

Wawili wakacheka. Yeye hakucheka.

"Machi kumi na tano. Niliingia kwa hasira, nirudishe ya jana. Machi ishirini na mbili, hasira. Aprili sita, nilikuwa sijalala. Mei tatu, rafiki ya mtu fulani alikuwa amenunuliwa viatu, na mimi nikataka huyo mtu asijisikie vibaya."

Nelvine aliinamisha macho. Viatu vya Jerusa. Alikuwa amevisifu mara moja tu, kwa mchezo.

"Hasara thelathini na moja. Kumi na tisa, sababu ni hasira. Soko sikukosa kuijua. Nilikuwa nacheza nikiwa nimekasirika, halafu nakuja hapa Jumamosi nawaonyesha zile za kijani."

Okeyo, kijana wa benchi ya mbele, akasimama. "Mwalimu, mimi nilikulipa unifundishe kushinda."

"Ada yako iko kwa bahasha hapa. Wote, bahasha zenu ziko na majina."

"Na wewe sasa utafanya nini?"

"Niko chini dukani, napimia watu misumari. Kripto, miezi mitatu nitaandika kwa daftari peke yake, bila pesa. Anayetaka tuandike pamoja, akae."

Mabenchi yalikwaruza. Wanane walichukua bahasha wakashuka ngazi wakinung'unika, mmoja akimtukana wazi wazi. Okeyo alisimama mlangoni muda mrefu, bahasha mkononi, akarudi akaketi. Waliandika kitambo, wakaaga. Chumba kikabaki na watu wawili.

Nelvine akaja mbele. "Zote ziko humo?"

"Kuna moja sijaandika. Ile nilikwambia hotelini."

"Andika."

Akaandika. Kalamu ikasimama.

"Sababu?" Nelvine akauliza.

"Aibu," akasema. "Uliona kile nilikuwa naficha, nikatafuta kitu nikuchome nayo."

Nelvine alisoma mstari huo, akausoma tena. Neno lililomkwama tangu ile jioni ya hotelini lilianza kulegea, lakini hakulitoa lote.

"Wazazi usilete Agosti," akasema. "Agosti nataka nikutazame. Ukikaa, walete Septemba. Mama atakuuliza kazi yako. Umwambie hivyo tu umewaambia hawa."

"Na nikiteleza?"

"Utaniambia siku hiyo hiyo. Sio miezi minne."

Mbuthia alifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena. Alienda dirishani akarudi. Nelvine alingoja. Kungoja alikuwa akikujua.

"Jana jioni," Mbuthia akasema, bila kuulizwa, "nilifungua ile app. Sikuingia sokoni. Niliangalia tu, karibu saa nzima. Mikono ilikuwa inatoa jasho."

Nelvine akavuta benchi, akaketi.

"Haya," akasema. "Endelea."