Sare ni ya Mgawaji

Giza lilikuwa linaanza kuingia Dunga wakati Caren alipotoka kwenda kununua mishumaa. Stima ilikuwa imepotea tangu mchana. Mvua ilikuwa imenyesha ikapumzika, na sasa wingu jingine lilikuwa linajikusanya juu ya ziwa, jeusi kama sufuria ya kuni. Alipita kwenye matope ameshika viatu mkononi. Mwenye duka alimfungia mishumaa kwenye gazeti, akaongeza na kiberiti.

"Ni ya matangani kwa Zadock?"

"Ndiyo."

"Watu wamekuja wengi?"

Caren alisema asante, akarudi njia ileile.

Watu hawakuwa wamekuja. Zadock alikuwa amekufa mzee, bila mke wala mtoto, na mtu wa namna hiyo huzikwa haraka na kwa sauti ya chini. Aliyemtoa mochari alikuwa ndugu yake mmoja tu, Ogola, anayeuza samaki Port Victoria, pamoja na akina mama wawili wa kanisa. Vijana wa ufuoni walikuwa wamepita mchana, wakaacha pakiti ya karata mezani, maana kwenye kesha la matanga lazima watu wacheze kitu. Wakaahidi kurudi. Halafu mvua ikaja.

Caren alipofika, nyumba ilikuwa kimya. Gari la Ogola halikuwepo. Mlango ulikuwa wazi, na sebuleni hakukuwa na mtu ila jeneza, limewekwa juu ya stuli mbili.

Simu yake ikalia. Ni Ogola.

"Caren, tulienda kuchukua viti na hawa mama. Sasa gari imekwama hapa Nyalenda, matope imetushika kabisa. Kaa na yeye kidogo, mama. Usimwache peke yake."

"Sawa," Caren akasema.

Angesema nini kingine? Maiti haachwi peke yake. Na huyu, akiwa hai, alikuwa ameachwa peke yake vya kutosha.

Akawasha mshumaa, akausimamisha mezani, akakaa kwenye kiti chake. Ndiyo, chake. Kwa miaka mingi, kila Jumapili baada ya kanisa, alikuwa anatoka kwake Nyalenda anakuja kukaa kwenye kiti hicho. Walikula samaki, wakacheza karata kwa punje za maharagwe mpaka jua likazama. Zamani wote wawili walikuwa wagawaji wa karata katika kasino moja ya mjini, kabla haijafungwa, na Zadock ndiye aliyemfundisha kazi. Hawakuwa wapenzi. Watu hawakuamini, lakini hawakuwa. Walikuwa tu watu wawili wasiokuwa na mtu mwingine.

Mchezo wao ulikuwa mmoja: ishirini na moja ya wazi.

Ishirini na moja ya kawaida wengi wanaijua. Unapewa karata mbili, unaongeza ukitaka, anayekaribia ishirini na moja ndiye mshindi, anayeipita amepasuka. Mgawaji huficha karata yake moja, na hapo ndipo hofu ilipo. Lakini kwenye ile ya wazi, mgawaji hafichi kitu. Karata zake mbili zinalala mezani uso juu, unaziona kama unavyoona kiganja chako. Mtu akisikia hivyo anacheka. Anadhani ameokota dhahabu.

Halafu anaambiwa sheria nyingine. Mkilingana, mgawaji ameshinda. Sare ni ya mgawaji. Daima.

"Kwa hivyo usicheze na karata zako," Zadock alikuwa akimwambia. "Cheza na zangu. Ukiona niko na kumi na tano, tulia na kidogo chako. Mgawaji lazima avute mpaka afike kumi na saba, wacha avute, atapasuka. Lakini ukiona tumelingana na mimi nimeshafika, vuta. Hata moyo ukikataa, vuta. Kukaa hapo ni kufa."

Caren aliukumbuka mnong'ono wake wa kasino, ule wa watu waliozoea kuongea bila kusumbua meza ya pili. Akafuta macho.

Nje, ziwa lilikuwa limenyamaza chini ya gugumaji. Kiboko alikoroma mbali kidogo. Wadudu wa ziwani waliingia dirishani kama moshi, wakaanza kuungua kwenye mshumaa mmoja mmoja. Tss... tss... Na chini ya harufu ya dagaa wa omena na matope, kulikuwa na harufu nyingine, kali, ya dawa ya mochari.

Mikono yake haikutaka kutulia. Akaichukua pakiti, akachanganya karata. Akagawa kama kawaida ya Jumapili: mbili kwake, na mbili mbele ya kile kiti cha mgawaji, upande wa pili, uso juu. Jeneza lilikuwa nyuma ya kiti hicho.

Yeye alipata kumi na tatu. Zadock alipata kumi na tano.

"Nakaa," Caren akasema kwa sauti, akatabasamu kwa huzuni. Akanyoosha mkono amvutie mwenzake karata.

Karata ikateleza kabla hajaigusa.

Chwaaa...

Ilivuka meza polepole, ikageuka yenyewe. Ilikuwa tisa.

Kumi na tano na tisa. Amepasuka.

Caren alibaki na mkono hewani. Upepo, akajiambia. Lakini mwali wa mshumaa ulikuwa umesimama wima.

Akainua macho.

Pale mwanga ulipoishia, palikuwa na mikono miwili. Ilikuwa imelala mezani, safi, kucha zimekatwa, ngozi ina rangi ya majivu. Juu ya vifundo hakukuwa na kitu ila giza.

"Umeshinda," ikasema sauti. Ilikuwa ya chini na nzito, kama ya mtu aliyejazwa pamba mdomoni.

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Angeweza kukimbia. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukimbia, na kila mara alijua jibu na kulikataa.

"Mzee...?"

"Tulikuwa tunachezea nini?"

"Maharagwe," akanong'ona.

"Hakuna maharagwe hapa. Uliza kitu. Umeshinda."

Kati ya mambo yote ambayo mtu angeweza kuuliza, lilimtoka moja tu.

"Huko... kuko aje?"

Tone moja likagonga bati. Halafu jingine. Halafu mvua yote ikamwagika, na sauti ikabidi isogee karibu ili isikike.

"Hakuna mtu, Caren."

Alihisi baridi shavuni.

"Nilidhani nitapata mama. Nilidhani nitapata mtu yeyote. Natembea, naita... hakuna mtu."

Ile mikono ikakusanya karata. Ikazichanganya taratibu, kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote.

"Moja ya mwisho," ikasema sauti. "Ukishinda, naenda zangu. Hutanisikia tena. Nikishinda, nakuja tukae na wewe."

"Mzee, mimi..."

Karata zilikuwa zimeshatua.

Upande wa pili: mfalme na saba. Kumi na saba. Mgawaji amefika, havuti tena.

Upande wake: tisa na nane.

Kumi na saba.

Caren alizitazama mpaka macho yakamuuma. Hakuna aliyehitaji kumwambia la kufanya. Esi, mbili, tatu au nne ingempa ushindi. Nyingine yoyote ingempasua, lakini hata hivyo asingekuwa amepoteza zaidi, maana kwa sare alikuwa ameshashindwa. Mwanafunzi wa siku ya kwanza angejua. Vuta. Hata moyo ukikataa, vuta.

"Unavuta, ama unakaa?"

Akafikiria chumba chake. Kitanda, jiko, sahani moja inayooshwa na kurudishwa mahali pake. Akafikiria Jumapili inayokuja, ataamka, ataoga, atavaa nguo nzuri... halafu? Aende wapi? Akafikiria siku yake mwenyewe, jeneza juu ya stuli mbili, na mwenye duka akiuliza kama watu wamekuja wengi.

Mikono ilikuwa inangoja. Haikuharakisha. Ilikuwa na muda wote.

"Nakaa," Caren akasema.

Mshumaa ukazimika.

Hakusikia hatua. Alisikia tu kiti kikisukumwa nyuma, na harufu ile ya dawa ikapita karibu na bega lake, ikatoka mlangoni, ikaingia mvuani.

Kisha taa za gari zikamulika dirishani. Ogola akaingia amelowa, amebeba viti viwili.

"Caren! Mbona umekaa kwa giza, mama? Si ulinunua mishumaa?"

"Imezimwa na upepo."

Wakati akina mama wanapanga viti, alipapasa mezani, akageuza karata iliyokuwa juu ya pakiti. Akaimulika na simu.

Nne.

Akairudisha mahali pake, ikalala uso chini.

Walimzika Zadock asubuhi, mvua ikitishia. Mchungaji alifupisha maombi. Ogola alimshika Caren mkono kwa muda mrefu, akamshukuru kwa kumwangalia ndugu yake. "Angalau hakuwa peke yake," akasema. Caren hakuweza kumtazama.

Alifika kwake Nyalenda jioni. Jirani yake Nasipwondi, mama wa Kibukusu anayeuza mboga, alikuwa anajaza mtungi kwenye mfereji wa ploti waliyopanga.

"Pole na matanga, Caren. Mgeni wako alifika mapema."

"Mgeni gani?"

"Si huyo ako ndani? Nimesikia akivuta kiti, akipanga meza. Nikasema, hee, Caren leo ako na mtu!" Akacheka kwa wema.

Kufuli lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa nje, kama alivyoliacha.

Caren alisimama amelishika. Lilikuwa baridi. Angeweza kugeuka, aombe kulala kwa Nasipwondi, aombewe kanisani. Alisimama mpaka mtungi wa jirani ukajaa na mama wa watu akaenda zake. Ndipo akafungua.

Mwanzoni ilikuwa raha, na hilo ndilo lililomtisha zaidi baadaye. Kila jioni giza likiingia aliwasha mshumaa, maana ile mikono haikuja kwenye mwanga wa stima, na wakacheza. Alipika kwa watu wawili. Chakula cha sahani ya pili hakikuguswa, ila kilichacha kabla hajamaliza cha kwake. Alicheka tena. Majirani walimsikia. Kazini walimwambia amenawiri, kisha wakamwambia amekonda.

Jioni moja, akiwa amefurahi, akasema, "Mzee, unakumbuka siku kasino ilifungwa? Yale uliniambia pale kwa ngazi?"

Mikono ikasimama katikati ya kuchanganya.

"Nikumbushe," ikasema sauti.

Zadock hakuwa mtu wa kusahau. Na maneno yale aliyarudia kila mwaka, tarehe ileile, mpaka yakawa wimbo wao.

"Hapana... si kitu," Caren akasema. "Gawa."

Hakuuliza tena. Kulikuwa na mambo ambayo ni afadhali yabaki yamelala uso chini. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akiitazama mikono ile na kujaribu kukumbuka ya Zadock ilivyokuwa, na kila alivyojaribu, picha ilikwenda mbali zaidi, mpaka hakuwa na hakika tena na uso wake, wala na sauti yake kabla ya pamba.

Halafu ikaja jioni ya juzi.

Stima ilipotea Nyalenda nzima. Caren aliweka mshumaa mezani na kukaa. Karata zikaanza kuteleza. Mbili kwake. Mbili upande wa pili. Na mbili pembeni, uso juu, mahali ambapo hajawahi kukaa mtu.

Alizitazama.

"Hizo ni za nani?"

"Anakuja," ikasema sauti.

Hatua za sandali zikasikika nje. Zikasimama.

Ko, ko, ko.

"Caren! Ni mimi, Nasipwondi. Nisaidie na chumvi kidogo, mama, yangu imeisha na mboga iko kwa moto."

Mikono ilikuwa imetulia mezani. Kidole kimoja kiligonga mbao, taratibu, kama mtu anayengoja mchezaji aketi.

Nasipwondi. Mtu pekee katika ploti nzima aliyemwita kwa jina. Aliyempelekea uji alipokuwa na malaria.

Caren akaenda mlangoni. Akaweka kiganja kwenye mbao, hakufungua.

"Sina," akasema.

"Hata ya kijiko tu?"

"Nimesema sina! Kwani kwangu ni duka? Enda kwako, na usibishe hapa tena. Umesikia? Usinisalimie tena!"

Caren aliuma leso yake asisikike.

"Haya," ikasema sauti ya Nasipwondi, ndogo, ya mtu aliyepigwa kofi. "Haya, mama. Sitabisha tena."

Sandali zikaondoka, zikakokotwa kwenye matope. Caren alisikiliza mpaka zikapotea, na mlango wa jirani ukafungwa, na kitasa kikavutwa.

Akageuka.

Karata za mtu wa tatu zilikuwa bado pale pale, wazi.

"Ondoa hizo," akanong'ona. "Tafadhali. Tucheze wawili."

"Si lazima awe yeye," ikasema sauti kwa upole.

Na mkono mmoja wa kijivu ukaushika mshumaa, ukausogeza karibu na dirisha, mahali ambapo mwanga wake ungeonwa na kila mtu anayepita njia.