Sakafu Isiyokuwepo Ikolo

Kila siku kengele ya saa tisa na nusu ilipolia, wanafunzi wenzake Kisa walitoka mbio kugombania kiwanja cha netiboli. Yeye alishika njia ya sokoni Ipinda, moja kwa moja hadi steshenari ya shangazi yake. Hakuna aliyemwita abaki. Si kwamba walimchukia, la, hawakumjua tu. Alihamia shule hiyo akiwa darasa la sita, wakati kila mmoja keshapata rafiki yake, na sasa yuko la saba bado anakaa dawati la nyuma na begi lake.

Steshenari kazi zilikuwa zilezile: kufuta vumbi kwenye mashine ya kutolea kopi, kuuza kalamu na bahasha, kisha kukaa na kutazama watu wakipita na magunia ya mpunga. Baba yake alikwisha fariki. Mama yake, Naomi, alikuwa ng'ambo ya mpaka, Karonga, akiuza vitenge na sabuni. Alikuja mara moja kwa mwezi, na mwezi mwingine asije kabisa. Shangazi Asifiwe alikuwa mtu mwema, lakini jamani, alikuwa na wateja! Huyu anataka kopi, yule anataka picha ya pasipoti, na akifika nyumbani ni kula na kulala. Zilikuwepo siku ambazo Kisa aliisikia sauti yake mwenyewe mara moja tu, darasani, alipoitikia jina.

Aliyemzoea zaidi, ukweli usemwe, ni kompyuta. Ilikuwa na programu ya kuandalia maandiko ya biashara na majibu ya zabuni. Watu waliotaka kuuza mpunga, kakao au ndizi kwenye shule na hospitali walikuja na fomu zenye maswali chungu nzima, na programu ile iliwapunguzia kazi. Ilitunza majibu yote yaliyowahi kuandikwa pale. Ukiingiza fomu mpya, inachomoa jibu la zamani linalofanana na swali na kuliweka mahali pake kwa rangi ya njano. Kazi yako ni kusoma kila jibu la njano, kurekebisha, kisha kubonyeza "Kubali". Chini kabisa kulikuwa na kitufe kingine kilichoandikwa "Kubali yote".

"Hicho sikipendi," Shangazi alimwambia tangu mwanzo. "Hapa mteja anasomewa jibu moja moja kwa Kiswahili, na asipoelewa, kwa Kinyakyusa. Akisema ndiyo, ndipo unabonyeza. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Siku moja ya mwezi wa tano wakaja wanawake watatu kutoka Ikolo, kijiji alichozaliwa Kisa. Mbele alikuwa Mama Rut, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mpunga. Mama yake Kisa alikuwa mwanachama wa kikundi hicho kabla hajaenda Karonga.

"Shikamoo, Mama Rut!"

"Marahaba, mwanangu. Hee, umekuwa mrefu! Hebu njoo nikuone."

Ilikuwa imepita miezi mingi bila mtu kumwita Kisa mwanangu, na macho yalimchomachoma. Mama Rut akatoa fomu kwenye mkoba. Shule moja ya bweni ilitangaza zabuni ya mchele wa kuwalisha wanafunzi, na mwisho wa kupeleka maandiko ni kesho asubuhi. Shangazi akaingiza fomu kwenye programu, maswali ishirini na mbili, majibu ya njano yakajipanga. Hata hawajaanza kusoma, simu ikaita. Kulikuwa na msiba Ipyana, na Shangazi alitakiwa huko mara moja.

"Kisa, kazi hii unaiweza," akasema huku akijifunga khanga. "Moja moja, tafadhali. Kesho asubuhi nitaituma."

Kisa akaanza vizuri. Akasoma jibu la kwanza, la pili, la tatu, nao wakaitikia. Walipofika la sita, wingu zito likawa limeshuka kutoka milimani na umeme ukaanza kucheza. Mama Rut alikuwa akitazama barabarani, maana gari la mwisho la kwenda kwao halimsubiri mtu.

"Unajua, mwanangu, tukipata zabuni hii, mama yako anarudi," akasema. "Nilishaongea naye. Hakuna anayepepeta na kupanga madaraja ya mchele kama Naomi. Atafanya nini tena Karonga?"

Moyo wa Kisa ukaruka. Mama arudi! Akauliza kama kweli, akaambiwa kweli kabisa. Nje gari likapiga honi.

"Yaliyobaki ni yaleyale ya kawaida," Kisa akasema, naye hakuwa ameliona hata moja. Akabonyeza "Kubali yote". Printa ikakoroma, Mama Rut akatia sahihi na kugonga muhuri wa kikundi. "Ndaga fijo, mwanangu, asante sana," akasema, nao wakakimbilia gari. Kesho yake Shangazi, aliyerudi akiwa hoi, akalituma andiko lile na kwenda kulala.

Siku nne baadaye Kisa alikuwa peke yake steshenari, hana la kufanya, akachukua nakala ya andiko ajisomee. Alilisoma kwa raha, akimwona mama yake katika kila mstari, hadi alipofika jibu la kumi na nne. Lilisema: "Tuna sakafu ya saruji ya kuanikia mpunga, yenye upana wa mita kumi na urefu wa mita ishirini, pamoja na ghala la magunia mia tatu."

Loo! Sakafu ipi? Kisa aliujua ua wa Mama Rut kuliko alivyojua chumba anacholala. Pale mpunga ulianikwa juu ya maturubai, na yeye mwenyewe tangu akiwa na miaka mitano alikuwa akishinda hapo na fimbo, akifukuza kuku. Ghala nalo halikuwepo. Kila mama alihifadhi magunia yake nyumbani kwake. Sakafu ile ilikuwa ya Bwana Wilson, mfanyabiashara wa mpunga wa pale Ipinda aliyewahi kuandikiwa zabuni hapohapo. Kompyuta ilichomoa jibu lake na kuwavika wanawake wa Ikolo.

Angesema siku hiyo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini akisema, je? Shule itawaona hawana sakafu, zabuni itaenda kwa mwingine, na Mama atabaki Karonga. Kisa akairudisha nakala kwenye faili, akaisukuma chini ya faili nyingine, na kujitia hamnazo.

Jumatatu iliyofuata Mama Rut akapiga simu kwa furaha. Kikundi kilikuwa miongoni mwa waombaji wachache waliobaki, na Ijumaa kamati ya shule ingefika Ikolo kukagua. Jioni Mama naye akapiga. "Kisa, nimeanza kuuza bidhaa zilizobaki kwa bei ya chini," akasema, sauti imejaa kicheko. "Mungu akipenda, mwezi ujao tunalala nyumba moja." Kisa akasema asante Mama, na simu ilipokatika akalia bila kutoa sauti, maana sasa aliuona mwisho wa jambo lile. Watu wazima watamwuliza Mama Rut sakafu iko wapi, naye atasimama na kuku wake, mbele ya kijiji kizima, hana jibu.

Jumanne hakula. Jumatano darasani hakusikia hata alichofundishwa. Msichana wa dawati la mbele yake alimgeukia akamwuliza kama anaumwa, naye akatikisa kichwa. Angemwambia nani? Hakuwa na mtu. Saa kumi alipofika steshenari akasubiri mteja aliyekuwepo aondoke, akapiga moyo konde.

"Shangazi, lile andiko la Ikolo lina uongo."

Shangazi akaacha kuhesabu karatasi. Kisa akamweleza yote, kuanzia honi ya gari hadi nakala aliyoificha. Shangazi akalitafuta jibu la kumi na nne, akalisoma mara mbili.

"Nilikuambiaje kuhusu kile kitufe?"

"Uliniambia tusome moja moja."

"Na ulipogundua, ukaufyata! Siku zote hizo! Wewe mtoto unataka kuwaua wale wanawake kwa aibu? Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka Mama arudi."

Kisa akaendelea, sasa machozi yakimtoka waziwazi. "Hapa sina mtu wa kuongea naye, Shangazi."

"Mimi nipo."

"Upo na wateja."

Neno hilo lilimchoma Shangazi, ilionekana. Alikaa kitako kwenye bando la karatasi. Kijana mmoja akachungulia akitaka kopi, akaambiwa arudi kesho. Kisha Shangazi akaufunga mlango nusu, jambo ambalo Kisa hakuwahi kuliona mchana.

"Sikia," akasema. "Kosa lako ni lako, sikuondolei. Lakini na mimi nilituma bila kusoma, tena majibu ya wateja wangu wote nimeyaacha yachanganyike kwenye chungu kimoja. Mpigie Mama Rut. Wewe, si mimi."

Kisa akapiga. Mama Rut alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo tutakosa," akasema.

"Nisamehe, Mama Rut."

"Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nimeumia." Akavuta pumzi. "Haya, andika. Tunaanika juu ya maturubai, kila turubai lina mtu wa kulilinda. Andika tunahifadhi magunia nyumbani, juu ya chaga za mbao, yasiguse ardhi. Andika hatuna sakafu. Umeandika hatuna?"

"Nimeandika, hatuna."

Wakapitia majibu yote ishirini na mawili, jibu moja moja, na Shangazi alikaa pembeni muda wote. Andiko lililosahihishwa likatumwa pamoja na barua ya kuomba radhi. Kazi ngumu zaidi ilibaki, ya kumpigia Mama. Mama hakugomba. Alisema tu, "Kumbe," kisha akasema atasubiri aone, asiendelee kuuza vitu kwa hasara.

Ijumaa Shangazi alifunga steshenari, wakaenda Ikolo pamoja. Kamati iliongozwa na Mwalimu Anyelwisye, makamu mkuu wa shule ile, mzee mkavu asiyecheka ovyo. Alizunguka ua, akainua pembe ya turubai, akaingia nyumba mbili kuona chaga. Alichota mpunga, akauma punje moja kujua kama umekauka, na punje ikakatika kwa mlio. Kisha akatoa karatasi mbili kwenye mkoba.

"Hili ni andiko lenu la kwanza, na hili ni la Bwana Wilson, ambaye naye ameomba," akasema. "Sakafu ni ileile, neno kwa neno. Kamati iliamini mmekula njama. Tulikwisha kukubaliana kuwafuta wote wawili, na safari ya leo ilikuwa ya kuthibitisha uongo tu. Jana asubuhi ikaingia barua yenu. Nani aliyegundua kosa?"

Watu wote wakamtazama Kisa. Alitamani ardhi impokee.

"Mimi, Mwalimu. Na mimi ndiye niliyelifanya. Nilijua siku nyingi nikanyamaza."

Mwalimu Anyelwisye akazikunja zile karatasi mbili. "Basi ungenyamaza siku mbili zaidi, Bwana Wilson angefutwa kwa sakafu ambayo ni ya kwake kweli, na mama zako hawa wangeitwa matapeli," akasema. Kisa hakuwa amemfikiria Bwana Wilson hata kidogo. Shangazi akainamisha kichwa, akasema atakwenda kumwomba radhi mwenyewe.

Wajumbe wakajitenga, wakanong'ona, wakarudi. Zabuni ya mwaka mzima hawakuweza kukipa kikundi, kwa kuwa hakina ghala. Ila muhula wa pili akina mama wangeleta nusu ya mchele, na nusu nyingine ataleta Bwana Wilson. Wakifanya vizuri, watazungumza tena. Mama Rut alishika mikono ya wenzake.

Jumapili Mama akashuka Ipinda na mabegi mawili, si yote. Alimweleza mwanawe waziwazi kwamba amekuja kwa muhula mmoja, na zabuni isipoongezwa atarudi Karonga. Walikaa uani kwa Shangazi, wakichambua mboga.

"Kutaka nirudi si kosa," Mama akasema. "Kosa ni kujua jambo si kweli ukaliacha liendelee kwa sababu linakufaa. Ile mashine ina maneno ya watu wengi, lakini haijawahi kufika Ikolo. Wewe umefika. Aliyejua pale ni wewe peke yako, na anayejua ndiye mwenye kazi ya kusema, hata kama akisema atakosa anachokitaka. Na kusema mapema, Kisa, wakati bado kunasaidia."

"Nimeelewa, Mama."

"Sasa nina swali. Asifiwe ameniambia kitu ambacho wewe hukuniambia hata siku moja. Unaishije hapa?"

"Salama," Kisa akajibu haraka. Mama alimtazama tu, majani ya mboga yakiwa mkononi.

"Si salama, Mama. Nakaa peke yangu. Shuleni peke yangu, hapa peke yangu."

Mama akalisukuma sinia pembeni, akasogea hadi mabega yao yakagusana. "Tangu lini?" akauliza. Na Kisa akamwambia, tangu siku ya kwanza.