Aliyemsafishia Rusmir Theluji

Asubuhi ya tatu ya theluji, Rusmir alifungua mlango akiwa na beleshi mkononi, akakuta kazi imekwisha kufanywa. Njia ilikuwa imesafishwa kutoka kizingitini hadi langoni, upana wa mtu mmoja, mpaka mawe yakaonekana. Lakini theluji iliyotolewa haikuwa imerundikwa popote.

Hakulitilia maanani hilo. Tangu mkewe Sabaheta azikwe mwezi wa Oktoba, majirani wa mtaa huu wa mlimani, juu ya Sarajevo, walikuwa wakimsaidia kimyakimya, na aliyekusafishia theluji humlipi chochote ila kahawa. Basi akasema kwa sauti, kama adabu inavyotaka, ingawa hakumwona mtu: "Mungu abariki mikono yako, jirani. Ingia, kahawa iko jikoni."

Akamimina finjani mbili. Alikwenda kumwamsha binti yake Almasa, wa miaka saba. Aliporudi, finjani moja ilikuwa tupu. Zulia mbele ya kochi la dirishani lilikuwa limelowa, na chumba kilinuka sufu mbichi na udongo uliochimbuliwa.

Bibi Hatka wa nyumba ya pili alicheka alipoulizwa. "Mimi nikusafishie? Mwanangu, kwa magoti haya hata kijiko nakiosha nimekaa." Kisha akachungulia nje ya lango la Rusmir, na kicheko kikakatika. Njia ile haikuelekea kwake wala barabarani. Ilikata kushoto, moja kwa moja, hadi kwenye ukuta wa makaburi alikozikwa Sabaheta.

"Ulimkaribisha?" akanong'ona.

"Nilisema tu, jirani, ingia."

"Upande ule pia kuna majirani, Rusmir. Na si wote waliwahi kuwa watu."

Kesho yake theluji ilianguka upya na njia ikasafishwa upya. Rusmir hakumimina kahawa. Hata hivyo finjani ya Sabaheta ilikuwa mezani, na ndani yake masimbi meusi ya kahawa iliyonywewa. Almasa alikaa kwenye kochi, mikono ameinyoosha, viganja vimefumbata kitu kisichoonekana.

"Mama ana baridi," akasema. "Nampasha vidole moto."

Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Daktari hakuona ugonjwa. Kufikia alasiri weupe ulikuwa umefika kwenye vifundo vya mikono.

Imamu Refik alikuja, akasoma kwa muda mrefu, na ile harufu haikusogea. Akafunga msahafu.

"Nikisoma mpaka Ramadhani hatatoka," alisema kwa sauti ya chini. "Mwizi hufukuzwa. Huyu ni mgeni, umemwita mwenyewe. Amekunywa finjani ngapi?"

"Mbili."

"Ya kukaribishwa na ya mazungumzo. Bado ya kumtoa." Kila mtu mtaani aliijua hiyo: finjani ya tatu ikishaletwa, mgeni hutafuta viatu vyake. "Mpe asubuhi. Na ulimi wako ushike, Rusmir. Najua tulivyo, mgeni akiinuka tunamwambia 'kaa kidogo', hata tuliyemchoka. Ukisema hivyo atakaa, na mtoto ndiye atakayeondoka."

"Ni yeye, imamu? Ni mke wangu?"

"Ni kitu chenye baridi, kimejua mlango upi wa kugonga."

Asubuhi Rusmir aliweka finjani ya tatu mbele ya kochi, akasimama akitazama sakafu, akasikia kahawa ikifyonzwa polepole kama alivyofyonza Sabaheta, midomo ikiogopa moto, na ile harufu ya udongo ikapanda mpaka kooni, na maji yakatambaa juu ya zulia yakafika kwenye soksi zake, na sauti, yenye ule mkwaruzo wake wa asubuhi, ikasema, "Mapema hivi, Rusmir? Na theluji yote ile nje?"

Akauma ulimi mpaka akaonja damu.

Kochi likalia. Nyayo zikapita karibu naye, zikasimama mlangoni. "Hata langoni hunisindikizi?"

Mlango ukajifunga.

Kufikia adhuhuri mikono ya Almasa ilikuwa na joto, akaomba mkate na jamu ya plamu, akala vipande vinne. Langoni palikuwa na rundo la theluji, kimo cha mtu, mahali ambapo hakuna aliyerundika. Majirani walisafisha barabara yote. Rundo lile walilizunguka. Rusmir naye kila asubuhi alisafisha njia yake, akiishia hatua moja kabla ya kulifikia.

Siku ya tisa baada ya hapo Almasa alifungua dirisha. Baba yake alikuwa langoni bila glavu, mikono yote miwili ameizamisha ndani ya rundo, paji la uso ameliegemeza juu yake.

"Baba, unafanya nini?"

"Nasafisha theluji, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Funga dirisha, usipate baridi."

Beleshi lilikuwa ndani, nyuma ya mlango.