Waitikiaji wa Mzee Runji

Spika ilikuwa imechomolewa tangu asubuhi, na bado Njuki aliisikia ikivuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kuimba. Akaitazama, akapiga miayo, akaenda kujimiminia chai. Mtu aliyechoka kama yeye hana hata nguvu ya kuogopa vizuri.

Kazi ndiyo iliyommaliza. Sebuleni kwake, mjini Embu, alikuwa anamfufua Mzee Runji wa Gachoka, mwimbaji aliyezikwa zamani, kutoka kwenye kanda chakavu za ngoma za harusi. Mzee angesimama jukwaani kwa picha ya mwanga, akiimba, na watu wangemtazama moja kwa moja kwenye simu hadi ughaibuni. Ili sauti yake itoke safi, Njuki aliwafuta waitikiaji wote. Katika ngoma za Wambeere, watu wa mzee huyo, mmoja hurusha wimbo, wengine huudaka. Yeye akaona wadakaji hao ni kelele tu. Kanda zenyewe zikaliwa na mashine, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kuwarudisha.

Nyumba ikaanza kunuka tumbaku ya kunusa na ngozi mbichi ya mbuzi. Kisha mkewe Eunice, mwalimu wa nasari na mwimbaji wa kwaya, akaanza kuitikia. Angekuwa anamenya viazi, mara ainue kichwa, atoe kiitikio cha Kimbeere ambacho hakuna aliyemfundisha, kisha aendelee kumenya. Kila akiitikia, sauti yake ilipungua.

"Njuki, kuna mzee ananiita," alinong'ona. "Nikinyamaza, kifua inauma. Nikimjibu, anachukua kitu kwa koo yangu."

"Nimefuta hiyo kazi yote. Hata computer nimezima."

"Sasa ni nani anaimba saa hii?"

Ndipo naye akaisikia, sauti kavu ya mzee ikitoka kwenye spika, kisha kwenye sufuria, kisha ndani ya ukuta wenyewe, ikizunguka kiti cha Eunice polepole, ikifika mwisho wa ubeti na kunyamaza, ikingoja, hadi mwanamke wa watu akafungua mdomo na kuitikia huku machozi yakimtoka.

Mchungaji Stephen akaja na waumini. Akaomba mpaka shati likalowa, na wenzake wakasema "Amina!" kwa pamoja. Ole wao! Spika ikacheka kwa raha, cheko la mzee aliyepata wenzake, ikaanza ubeti mwingine. Mchungaji aliondoka amekaukwa na koo, na hakurudi.

Njuki akamleta Rwamba, mjane wa Runji, kutoka Gachoka. Kikongwe huyo alifika mlangoni akakataa kuingia.

"Ni yeye," alinong'ona. "Mwanangu, kwetu hatuachi mtu aimbe bila kuitikiwa. Hata akiwa mlevi, tunamwitikia mpaka achoke. Wewe umemtolea watu wake wote. Anatafuta wengine."

"Cucu," Njuki alimwita kama nyanya yake, "si umwitikie wewe? Hizo nyimbo unazijua."

"Mimi ni bibi yake. Nikimwitikia, atanibeba. Mwenye alitoa watu ndiye ataingia mahali yao. Na ukiingia, usifikirie utatoka."

Njuki alimtazama Eunice, aliyekaa amejishika koo. Alimpenda mke huyu, na upendo huo ndio pekee uliokuwa haujachoka ndani yake. Akapiga magoti mbele ya spika, na ubeti ulipoisha, kabla Eunice hajafungua mdomo, akaitikia yeye, akahisi kitu baridi kikimpita ulimini, kikishuka kooni, kikijitafutia nafasi kifuani taratibu kama mgeni anayejua amekuja kukaa.

Nyumba ikatulia. Eunice akakohoa, kisha akapaza sauti yake nzima, ile ya kwaya.

"Njuki! Naongea! Ebu niambie, imeenda?"

Alitaka kumjibu. Hakikutoka hata kikohozi, na kifuani mwake mzee alikuwa ameshaanza ubeti mwingine. Eunice alikuwa analia kwa furaha, amemkumbatia. Njuki akaitikia kwa kichwa kwamba, ndiyo, imeenda.