Mazoezi ya Fundi Viatu

Ndugu zangu, nyumba ya fundi viatu ilikuwa na raha yake. Asubuhi baba yuko kibarazani anagonga visigino, ndani bintiye anaosha vyombo na kuimba, na majirani wanapunguza redio wamsikilize. Walimwita Chiriku. Shule zilipofungwa, akachaguliwa kwenye mafunzo ya kwaya ya likizo, bure kabisa. Fundi akatembea kifua mbele mtaa mzima.

Siku moja, akipeleka viatu vya mteja, alipita karibu na ukumbi wa mafunzo akachungulia dirishani. Vijana wote wanaimba kwa nguvu. Chiriku kakaa pembeni, kafunga mdomo, anafuata noti za wimbo kwenye karatasi kwa kidole. Damu ikamchemka fundi. Jamani, mlango ulikuwa wazi na mwalimu alikuwa pale pale, lakini hakuuliza. Aliondoka akijisemea kwamba ndiyo maana ni bure, watoto wa maskini wanaitwa kujaza viti.

Jioni binti akamweleza, sauti ikikwaruza, kwamba koo limevimba na mwalimu amemkataza kuimba mpaka lipone. Fundi akaona anafichwa aibu. Mkewe akamsihi angalau aende kwa mwalimu akasikie mwenyewe. Akajibiwa asimfundishe mtu kazi ya ubaba.

"Hapa utaimba," fundi akamwambia binti. "Ule wimbo wa sauti ya juu, mwanzo mpaka mwisho. Kesho wakusikie, waone haya."

"Baba, inauma."

"Inauma kwa sababu umezembea. Haya, tena."

Akaimba. Akarudia. Fundi anapiga makofi kushika mapigo, mama kasimama mlangoni mikono kichwani. Kila sauti ilipokatika, fundi alisema tena. Machozi ya mtoto akayaita deko. Mwishowe Chiriku alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Alipokohoa, kiganja kilikuwa na damu.

Hospitalini daktari alisema kovu litabaki kooni. Ataongea, lakini noti za juu asahau. Mwalimu naye alifika, mbio mbio, akaeleza kwamba alikuwa amemchagua Chiriku aimbe peke yake siku ya kufunga mafunzo, na ndiyo sababu alimpumzisha. Fundi aliketi sakafuni, mtu mzima na ndevu zake, akalia mbele za watu.

Chiriku akamwinamia sikioni. Siku ile mnong'ono tu ndio uliobaki.

"Nilikwambia, baba."

FUNZO

Mzazi mwenzangu, ukiona jambo la mwanao usilolielewa, ingia uulize. Kitu kutolewa bure hakumaanishi kwamba anayekitoa anakudharau. Na mtoto akisema inauma, inauma. Fundi alimpenda bintiye, hilo halina ubishi. Ila siku ile alipenda zaidi asionekane mnyonge, na sauti iliyopotea haikuwa yake.