Barabara Mpya na Chemchemi ya Fides

Mwaka 1952 Tunduma ilikuwa inakua haraka. Maduka ya bati yaliongezeka. Malori yalipita kwenda na kutoka Rodesia ya Kaskazini. Watu wa Nakonde walivuka mpaka kununua ulezi na maharage.

Fides na mumewe Isaka walikuwa na shamba kando ya mji huo. Juu walilima mahindi na ulezi. Chini bondeni kulikuwa na chemchemi. Hapo Fides alilima mboga hata wakati wa kiangazi.

Asubuhi moja Fides alishuka bondeni na jembe lake. Mara akapiga kelele.

"Isaka! Njoo uone!"

Vigingi vyeupe vilisimama katikati ya mboga. Vilikuwa vimepangwa kwa mstari mnyoofu mpaka ng'ambo ya bonde.

"Ni barabara mpya," Isaka alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliwasikia watu sokoni. Sikujua kama itapita kwetu."

Amoni, mdogo wake Isaka, alikuja mbio kutoka nyumbani kwake juu. Hakuuliza kitu. Alishika kigingi kimoja akaking'oa.

"Shamba la baba yetu hili!" alisema.

"Amoni! Kirudishe hapo hapo!"

Aliyesema hivyo ni jirani yao, mama mmoja mjane aliyeitwa Teresia. Alikuwa amekulia Saza, karibu na machimbo ya dhahabu. Alikuja huku akihema.

"Ukiving'oa vigingi utashtakiwa," alisema. "Na barabara itapita vile vile. Kule Saza walipotengeneza barabara ya machimbo, baba yangu alikasirika. Siku wakubwa walipokuja kuuliza shamba ni la nani, yeye alijifungia ndani. Jirani akasema mihogo yote ni yake. Baba hakupata kitu."

"Sasa tufanye nini, mama?" Fides aliuliza.

"Serikali inaweza kuchukua ardhi kwa kazi ya watu wote. Barabara ni kazi ya watu wote. Lakini na ninyi mna haki. Semeni haki yenu mapema, kabla majembe hayajaanza kuchimba. Jasho lenu lina thamani yake. Mazao, nyumba, miti mliyopanda, vyote vionyesheni. Mwombeni Mwene, mtawala wetu, awape shamba lingine. Na majirani mnaopakana nao waje waseme mpaka uko wapi."

Amoni alitabasamu. "Basi leo nachomeka miche ya kahawa kila mahali. Watanilipa fidia ya kahawa!"

"Ukidanganya kwa kahawa, hawatakuamini hata kwa mahindi," Teresia alimjibu. "Onyesha kilichopo."

Amoni alikirudisha kigingi palepale. Jioni ile walipita mpakani mwa shamba pamoja na majirani. Walifyeka nyasi, wakaweka mawe ili mpaka uonekane wazi.

Siku ya baraza la kujadili barabara ilifika. Mwene alikaa mbele. Bwana Shauri, afisa wa serikali kutoka boma, alikaa kando yake. Mpimaji aliyeweka vigingi aliitwa Raphaeli. Alisimama akasema:

"Mimi ni mgeni hapa. Nimepima wakati wa kiangazi. Nani anajua ubaya wa mahali nilipopima?"

Isaka alisimama, akakohoa, akakosa maneno. Fides alimtazama mumewe. Akasimama yeye.

"Bwana mpimaji, barabara tunaitaka. Lakini vigingi vyako viko juu ya chemchemi. Masika yakija, malori yatazama."

"Twende ukanionyeshe," Raphaeli alisema.

Baraza zima liliinuka. Watu walishuka bondeni wakisukumana. Fides alipiga jembe karibu na kigingi, akavuta udongo. Maji meusi yalibubujika. Watu wakapiga kelele. Raphaeli alichutama, akachimba mwenyewe pengine. Maji tena! Akacheka kwa furaha.

"Umeniokoa na aibu kubwa, mama. Wapi kuna ardhi kavu?"

"Kule juu kwenye kokoto," Fides alijibu, akanyoosha mkono.

Mara akashtuka. Mkono wake ulikuwa unaelekea nyumba ya Amoni.

Watu wote walimtazama Amoni. Yeye aliitazama nyumba yake. Kisha akatazama maji yanayotoka ardhini.

"Shemeji, sikufikiri..." Fides alianza.

"Acha, shemeji," Amoni alisema. "Nyumba nitajenga nyingine. Chemchemi nani ataijenga? Wapitishe kwangu. Lakini waje kwanza waione nyumba yangu, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama mlangoni!"

Teresia alipiga kigelegele. Wanawake wote wakaitikia.

Na Amoni alisimama mlangoni kweli. Alionyesha nyumba, ghala na migomba. Majirani wakashuhudia. Isaka naye alionyesha kona ya mahindi itakayokatwa. Maneno yalikuwa yamemrudia, tena akaongea mpaka Mwene akacheka. Pale pale Mwene aliwapa ndugu hao wawili eneo jipya upande wa Chitete, na Bwana Shauri akakubali kwamba hakuna atakayebomoa kitu kabla fidia haijalipwa.

Fidia ilichelewa. Isaka na Teresia walitembea hadi boma kuiulizia, wakarudi, wakaenda tena. Mwishowe ililipwa. Amoni alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye madirisha makubwa, na barabara ikajengwa kupita kwenye kokoto.

Masika yalipokuja, mvua ilipiga siku nzima. Watu walitoka nje kutazama. Lori la kwanza lilipanda kwenye kokoto likinguruma, limejaa magunia. Halikuzama. Halikuteleza hata kidogo. Dereva alipiga honi ndefu.

Amoni alikimbia kando ya lori kwenye mvua, ameloa chapachapa, akipunga kofia.

"Pita!" alipaza sauti. "Pita, bwana! Hapo unapopita palikuwa chumbani kwangu!"