Leya Ambazo Hazikufunguliwa

Kila siku akitoka shuleni, Chapchap alipitia dukani kwa shangazi yake. Alisukuma begi chini ya meza, akanawa mikono, akala chakula alichofunikiwa, kisha akavuta kiti karibu na kompyuta. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari ya shule. Mtaani wote walimwita Chapchap, kwa kuwa vyombo alivyoviosha kwa dakika tatu ilibidi mtu mwingine aje avioshe tena. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo yeye aliliona sifa.

Shangazi alikuwa mchapaji. Alitengeneza kadi, mabango na lebo za kubandika kwenye chupa. Picha za kazi hiyo hujengwa kwenye kompyuta kwa matabaka, kama karatasi za plastiki angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Moja ina rangi ya nyuma, nyingine mchoro, nyingine maneno. Mafundi huyaita matabaka hayo leya. Kila leya ina alama ya jicho pembeni; ukiibofya, leya inaonekana, ukiibofya tena, inajificha.

Kwa kuchora, shangazi alikuwa hodari. Kwa kupanga vitu, tusimsengenye. Faili ya lebo za dawa ya kikohozi, alizoagiza mfamasia wa mtaani, ilikuwa na leya thelathini na nane, zote zikiitwa "Leya 7 nakala" au majina ya namna hiyo. Tena faili hiyo moja ilibeba lebo mbili, ya watoto na ya watu wazima, maana dawa ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa kwenye mchoro na kipimo tu.

"Nipangie hizi, mwanangu," shangazi alimwambia Jumatatu. "Fungua jicho la kila moja, uisome, uipe jina. Kisha tia za watoto kwenye folda yao na za wakubwa kwenye yao. Usikimbie."

Chapchap alianza vizuri. Alifungua leya tisa, akazisoma, akazipa majina. Ya kumi ikamchosha. Wenzake walikuwa wanacheza mpira uwanjani, na kelele zao zilimfikia pale alipokaa. Akaona leya ya juu kabisa ina mchoro wa mtoto, akajisemea kwamba basi nusu ya juu yote ni ya watoto. Alibonyeza ya kwanza, akashikilia kitufe cha shifti, akabonyeza ya katikati. Zote zikajichagua mara moja. Akazisukuma kwenye folda ya WATOTO. Zilizobaki akazitupia WAKUBWA.

"Tayari!" alisema.

Shangazi alikuwa akikata kadi. "Mara hii? Umezifungua zote?"

"Zote, shangazi."

"Haya, asante. Umeniokolea jioni nzima."

Jumatano mchana, shangazi alipokuwa kibarazani akiongea na mteja, Chapchap alikuta kwenye boksi la taka karatasi ya lebo zilizochapwa zikatoka na wino hafifu. Alitaka kubandua picha za mtoto awapelekee rafiki zake. Ndipo akasoma maneno yaliyokuwa chini ya picha.

WATOTO: VIJIKO VIWILI, MARA TATU KWA SIKU.

Akasoma tena. Kipimo cha mtoto kilikuwa nusu kijiko. Alikikumbuka, kwa sababu kilikuwa kwenye karatasi ya mfamasia iliyobandikwa ukutani. Vijiko viwili vilikuwa vya mtu mzima. Alitazama rafu ambako lebo zilikuwa zimewekwa jana. Ilikuwa tupu. Mfamasia alishakuja kuzichukua.

Alifungua faili. Leya ya vijiko viwili ilikuwa imelala katikati ya folda ya watoto. Aliihamishia kwa wakubwa, akairudisha ya nusu kijiko mahali pake, akahifadhi. Haikuchukua hata nusu dakika. Sasa hakuna ambaye angejua. Yeyote ambaye angekuja kukagua angekuta faili iko safi, na angesema shangazi ndiye aliyekosea kuchapa.

Wazo hilo lilimtia hofu kuliko kosa lenyewe. Faili ilikuwa safi, lakini chupa je? Alikaa akitamani shangazi aendelee kuongea na mteja mpaka jioni. Nje, mtoto fulani akakohoa mgongoni kwa mama yake, kikohozi kidogo kikavu, kisha wakapita.

Chapchap alitoka mbio kibarazani, ile karatasi mkononi.

"Shangazi, nilikudanganya. Leya sikuzifungua zote. Lebo za watoto zina kipimo cha wakubwa. Na faili nimeirekebisha sasa hivi ili usijue."

Shangazi alimtazama kana kwamba hakusikia. Akaipokea ile karatasi, akaisoma. Hakumgombeza. Hilo ndilo lililomtisha Chapchap zaidi.

"Vaa viatu," alisema. "Twende."

Walikimbia mpaka duka la dawa. Mfamasia, mwanamume mnene mwenye miwani, alikuwa nyuma ya kaunta akibandika lebo.

"Daktari, acha! Usibandike!" shangazi alisema huku akihema. "Umeuza ngapi za watoto?"

Mfamasia alisoma lebo aliyoishika, akaiachia kama imemchoma. "Mungu wangu. Moja. Nimemuuzia fundi cherehani wa pale kwenye kona, nusu saa haijapita. Mwanawe ana miezi minane."

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita vilevile. Akachukua mkoba wake, wakatoka wote watatu. Chapchap alikimbia mbele, akiomba kimoyomoyo. Alijua kwamba kama mtoto yule angedhurika, hapangekuwa na kitufe cha kurudisha nyuma.

Mlango wa fundi cherehani ulikuwa umefungwa. Waligonga. Kimya. Wakagonga tena, mfamasia akaita kwa sauti.

"Jamani, nakuja! Mnataka kuuvunja?"

Mlango ukafunguka. Fundi cherehani alisimama amempakata mtoto, na mkononi alikuwa na kijiko kimejaa.

"Umempa?" mfamasia aliuliza.

"Cha kwanza amenitemea chote, hebu ona gauni langu. Hiki ndicho nataka kumpa. Kwani kuna nini?"

Mfamasia alikitwaa kile kijiko, akaimwaga dawa, akamweleza. Alimpima mtoto kifua na mapigo ya moyo, akakaa naye saa nzima akimtazama. Mtoto alikuwa mzima, akivuta miwani ya mfamasia na kucheka.

Mama yake hakucheka. "Nani aliandika lebo hii?"

"Ni duka langu," shangazi alisema.

Chapchap alitamani kujificha nyuma yake. Lakini miguu ikampeleka mbele. "Ni mimi, mama. Nilifanya haraka, halafu nikasema uongo. Nisamehe."

Fundi cherehani alimkumbatia mwanawe kwa nguvu. "Nakusamehe," alisema, "lakini leo sina la kuongea nawe. Nendeni."

Lebo zote mbaya zilichanwa siku hiyohiyo. Kisha shangazi na Chapchap walikaa mbele ya kompyuta, wakafungua leya moja baada ya nyingine, wakisoma kila neno kwa sauti. Walipomaliza, shangazi alizima mashine, akamgeukia.

"Mimi pia nimekosa," alisema. "Nilitazama rangi, sikusoma maneno. Kuanzia leo hakitatoka kitu hapa kabla sijakisoma. Lakini nataka uelewe kwa nini sikusoma. Ni kwa sababu nilikuamini. Kuchoka si kosa, mwanangu, na kutaka kwenda kucheza si kosa. Jumatatu ungeniambia 'bado', ningenuna dakika tano, kisha ningezifungua mwenyewe. Ulisema 'zote', na yule mama nusura alie maisha yake yote."